Corolla 110 kuwa gari la rali: kazi nzima ukiwa gereji ya Tabora

Joginder Singh, yule Simba wa Kenya, alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa kusifiwa. Volvo PV544 aliyoshinda nayo rali ya Safari ya Afrika Mashariki ya 1965, pembeni yake ameketi ndugu yake Jaswant, haikuwa gari jipya. Ilikuwa mtumba uliokwisha kukimbia mashindano ya mwaka uliotangulia, akaiandaa mwenyewe. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania: Bert Shankland na Chris Rothwell wa Dar es Salaam, kwenye Peugeot 404, Pijo ileile iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo nchi nzima. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza saba. Mwaka 1963 pia yalimaliza saba. Mara zote mbili lililokuwa mbele ni Pijo 404.

Tunawataja hawa kwa sababu moja. Kijana anayeanza leo huanza na injini: turbo, kompyuta, ekzosti ya kelele. Wale waliomaliza walianza na bodi, miguu ya gari (springi, shokapu na mikono inayoshika magurudumu), na vitu vinavyovunjika. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na nguvu ya injini hutaikuta humu hata kidogo. Gari la kwanza libaki na injini yake ya kiwandani, nzima na safi, hadi dereva ajue kulifikisha mwisho.

Kabla hujanunua hata bomba moja, pata kanuni za mwaka husika kutoka AAT, chama cha magari cha Tanzania, kisha usome kifungu cha 253 cha Nyongeza J ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari. Humo ndimo mlimo vipimo vya usalama ambavyo mkaguzi atakushikia. Vipimo vya keji, yaani kizimba cha mabomba kinachowalinda waliomo gari likipinduka, tunavyovitoa hapa vinatoka humo, lakini kanuni hubadilika, na mkaguzi atasoma karatasi ya mwaka ule.

Gari lenyewe

Tunapendekeza Corolla 110 ya gia za mkono, injini ya 5A-FE ya lita 1.5 au 4A-FE ya lita 1.6. Wapo wanaosema bila Subaru hakuna rali. Subaru ni gari zuri, lakini gia boksi yake ikifa ukiwa Tabora utasubiri nyingine kutoka Dar es Salaam, na bei yake itakula bajeti ya matairi ya mwaka. Vipuri vya 110 unavipata mjini, na usichokipata kinakuja kwa basi. Gari la otomatiki liache hata kama ni la bei ya chini. Kulibadilisha kuwa la gia za mkono kunataka pedali, klachi, gia boksi, nyaya za gia na saidi shafti, na gharama yake hukaribia ya gari jingine.

Usiangalie rangi. Lala chini ya gari na tochi na bisibisi butu. Gonga sehemu nne: chini ya milango kwa urefu wote, ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, pale shokapu zinaposhika bodi kwa juu, na sakafu ya buti. Sauti ikiwa kavu na kali, bati ni zima. Ikiwa nzito kama unagonga udongo, kuna puti au kutu. Gari lililowahi kubeba chumvi ya Uvinza lichunguze mara mbili, maana chumvi iliyomwagika huingia chini ya kapeti ya buti, hunyonya unyevu kila masika, na kutu huanzia ndani ambako macho hayafiki. Kutu ikishafika pale shokapu inaposhika bodi, liache gari hilo. Kila pigo la gurudumu linaishia hapo.

Pima pia kama bodi imenyooka. Chukua kamba isiyonyumbuka, pima kutoka tundu la bolti ya mbele ya mkono wa chini wa kushoto hadi tundu la nyuma la kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 5, gari liliwahi kugongwa likanyooshwa vibaya.

Kuvua

Vua kila kitu hadi libaki gamba: viti, kapeti, dashibodi, waya, vioo vya milango, injini, miguu. Kila bolti iingie kwenye mfuko wa nailoni ulioandikwa ilikotoka. Kazi hii inachukua siku tatu kwa watu wawili. Wengi huona ni kupoteza muda, wakaacha dashibodi na waya mahali pake, kisha cheche za kuchomelea zikaunguza waya ambao tatizo lake linajitokeza miezi sita baadaye, katikati ya stegi, yaani kipande cha njia kinachopimwa kwa muda.

Sakafu ya 110 ina lami nyeusi ya kuzuia kelele. Ibandue kwa tindo jua halijawa kali. Ikishapata joto la saa saba mchana inakuwa laini na kunata kwenye kila kifaa. Chini ya lami hiyo ndipo utakapoona hali halisi ya bati.

Baada ya kubandua, ongeza weldi kwenye maungo ya bodi. Kiwandani bati zilishikizwa kwa nukta. Barabara mbovu huzilegeza nukta hizo moja moja, bodi ikaanza kujipinda, na ukishafika hapo hakuna shokapu itakayokusaidia. Futa rangi na gundi kwenye maungo kwa brashi ya waya, chomelea urefu wa milimita 25, ruka milimita 50, chomelea tena. Usichomelee mfululizo. Bati la milimita 0.8 likipata joto mfululizo linajikunja, na mstari mrefu wa weldi ngumu hupasuka pembeni yake. Nenda huku na huku: kipande mbele kushoto, kinachofuata nyuma kulia, ili joto lisambae.

Sehemu zinazostahili kuongezwa ni matao ya mbele pale shokapu zinaposhika, ukuta kati ya injini na abiria, nguzo za milango kwa chini, na mahali mikono ya nyuma inapoungana na bodi. Kuongeza weldi gari zima ni uzito na kazi ya bure.

Keji

Hapa tutakaa sana, kwa kuwa hapa ndipo watu hufa kwa kosa la duka la vifaa.

Bomba la maji halifai. Inchi moja na nusu ina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, inaonekana nene kuliko inavyotakiwa, na inapatikana kila mahali. Lakini lina mshono wa weldi kwa urefu wake wote, chuma chake hakina cheti cha nguvu, na ukilikunja mshono unaweza kufunguka upande wa nje wa kona. Likiwa na zinki ni baya zaidi, kwani moshi wake una sumu na zinki inaharibu weldi. Bomba linalotakiwa ni la chuma cha kaboni kisicho na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu ya mvuto isiyopungua N 350 kwa milimita ya mraba. Upinde mkuu, ule ulio nyuma ya viti, uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yote 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Agiza Dar es Salaam na udai cheti cha chuma kwa maandishi. Mkaguzi atakiomba.

Kwa 110, hesabu inakuja hivi. Upinde mkuu unakula karibu mita 3.5, kwa hiyo bomba moja la mita 6 la milimita 45 linatosha na kubakiza kipande cha kufanyia majaribio ya weldi. Mabomba ya 38: pinde mbili za pembeni zinazoshuka na nguzo za kioo cha mbele, mita 5.2, bomba la juu ya kioo, 1.1, miguu miwili inayorudi nyuma, 2.8, msalaba ndani ya upinde mkuu, 3, msalaba kati ya miguu ya nyuma, 3, msalaba wa kila mlango, jumla 4.8, msalaba wa paa, 2.6, viimarisho vya nguzo za mbele, 1.8, na bomba la kufungia mikanda ya mabega, 1.2. Jumla ni mita 25 na nusu. Nunua mabomba matano ya mita 6, maana kona moja itaharibika. Keji nzima na vibao vyake itakuwa na uzito wa kilo 65 hivi.

Kukunja ni kwa mashine yenye kalibu ya kipenyo kilekile, baridi, bila moto. Nusu-kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba: kwa bomba la 45, milimita 135 kwenda juu. Fundi wa madirisha anayejaza mchanga na kupasha moto atakupa kona nzuri ya kutazama ambayo ndani imekwisha kudhoofika. Ukiona mikunjo midogo upande wa ndani wa kona, au bomba limekuwa bapa, hilo ni la kutupa. Mashine ikikosekana Tabora, fanya mifano ya kona kwa waya wa nondo wa milimita 6, uifunge ndani ya gari hadi ikae sawasawa, kisha uitume mji wenye mashine pamoja na mabomba.

Upinde mkuu ukae karibu kabisa na bodi, pengo la vidole viwili tu juu na pembeni. Keji inayokaa mbali na paa inamkaribia dereva kichwani.

Miguu sita inasimama juu ya vibao vya chuma vyenye unene wa milimita 3, kila kimoja na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120. Kibao cha sentimita 10 kwa 12 kinatosha, lakini bora kikunjwe kishike sakafu na ukuta wa pembeni kwa pamoja, maana bati la sakafu peke yake hutoboka kama karatasi pale gari linapotua kwa paa. Kwa keji ya bolti, kila mguu wa upinde mkuu unataka bolti tatu za M8 au zaidi, daraja la 8.8, na kibao chini ya sakafu kikibana bati katikati.

Ncha za mabomba zikatwe zikumbatie bomba la pili bila mwanga kupita. Pengo la milimita 1 linavumilika. Pengo la milimita 3 linalojazwa kwa weldi ni kovu linalosubiri kupasuka. Shikiza kila kitu kwa nukta kwanza, funga milango, kaa kwenye kiti na helmeti kichwani, hakikisha unatoka kwa urahisi pande zote mbili, ndipo uchomelee moja kwa moja.

Tatizo kubwa la kuchomelea ni sehemu ya juu ya viungo karibu na paa, mkono haufiki. Wengi huchomelea nusu ya chini tu na kupaka rangi. Mkaguzi mzuri hupitisha kioo kidogo na kuona. Njia ya kutoka ni hii: kabla ya kuweka vibao vya sakafu, toboa matundu manne ambapo miguu ya mbele na ya upinde mkuu itasimama, teremsha keji iliyoshikizwa hadi ipite chini ya sakafu kwa sentimita 15, uchomelee juu ukizunguka bomba lote, kisha uinyanyue, uweke vibao juu ya matundu na umalize chini. Miguu ya nyuma iungwe mwishoni.

Tumia mashine ya waya yenye gesi, waya wa milimita 0.8 au 1.0. Fimbo ya kuchomelea inawezekana: ya milimita 2.5 aina ya 7018, iliyokaushwa vizuri, kati ya ampea 70 na 100. Fimbo iliyokaa stoo masika nzima imenyonya unyevu, na unyevu huo hutia matundu na nyufa ndani ya weldi. Jihadhari na umeme kushuka jioni. Mashine inaonyesha ampea zilezile, kumbe weldi imelala juu ya chuma bila kuzama. Chomelea asubuhi, na kila siku kabla ya kugusa keji unganisha vipande viwili vya masalia, ukate katikati kwa grenda utazame. Weldi iwe imeingia ndani ya ukuta wa bomba pande zote mbili. Ukiona mstari mweusi kati ya weldi na bomba, siku hiyo fanya kazi nyingine.

Mwisho, ivike keji sponji yake ngumu maalumu popote helmeti inapoweza kufika. Godoro lililokatwa halizuii chochote.

Miguu ya gari

Njia za vumbi kuzunguka Tabora, uelekeo wa Sikonge na ndani ya misitu ya miombo, zina kichanga juu na mizizi na mawe chini. Gari linapaswa kuinuka, lakini si sana. Milimita 30 hadi 40 juu ya kimo cha kiwandani zinatosha. Ukizidisha, saidi shafti zinakaa kwa pembe kali, buti za sivii (mipira inayofunika viungo vya saidi shafti) zinachanika, vumbi linaingia kwenye grisi, na sivii inakwisha ndani ya siku moja. Kuinua kwa kuweka vipande vya mpira kati ya mizunguko ya springi usikubali: springi inabaki na mizunguko michache ya kufanya kazi, inakuwa ngumu ghafla, kisha inakatika. Agiza springi ndefu na ngumu zaidi, zikiwa na shokapu zinazolingana nazo.

Shokapu ndiyo inayopaswa kula fedha nyingi kuliko kifaa kingine baada ya keji. Ya kawaida inapochemka, mafuta yake hutoa povu, gari huanza kuruka kama chura baada ya kilomita kumi, na dereva hudhani barabara imeharibika. Ukipima kwa mkono mara baada ya jaribio, usishike, sogeza kiganja karibu. Nne zote zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Iliyobaki baridi imekufa, haifanyi kazi.

Imarisha mkono wa chini wa mbele kwa kuchomelea bamba la milimita 3 upande wa chini, vipande vifupi vifupi, bushi na boljointi zikiwa zimetolewa. Bamba la pembetatu liongezwe pale shokapu inapofungwa kwenye nako, chuma kinachobeba beringi ya gurudumu. Bushi zote ziwe mpya za mpira mgumu. Bushi za plastiki ngumu kabisa hupiga kelele na kupeleka pigo lote kwenye bodi, kwa hiyo gari la kwanza usiliwekee.

Ngao ya chini iwe aluminiamu ya milimita 6, ianzie bampa hadi nyuma ya gia boksi, ifungwe kwa bolti zilizozama ili jiwe lisizikate. Acha pengo la milimita 20 kati yake na sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ikigusana, pigo linapita moja kwa moja. Chuma cha milimita 4 kinafanya kazi pia, lakini ni kizito na kikipinda hakirudi. Toboa tundu la kutolea oili, na tundu la pili nyuma la kutoa matope, la sivyo utabeba kilo kumi za udongo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nati za magurudumu zikazwe Nm 103 kwa spana ya kipimo, gurudumu likiwa hewani kwanza, kisha chini. Kukaza kwa mguu juu ya spana ndefu hukata stadi, na stadi moja ikikatika tatu zilizobaki hazidumu.

Breki za kiwandani zinatosha kwa gari hili, kwa masharti mawili. Hosi za mpira zibadilishwe zote, na mafuta ya zamani yatolewe kabisa. DOT 4 mpya inachemka juu ya nyuzi 230, DOT 3 juu ya 205. Lakini zote hunyonya maji kutoka hewani, na chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana haina tena namba hizo. Pedali inayozama baada ya mteremko mrefu ni mafuta yaliyochemka.

Vumbi, matope, maji

Juni hadi Oktoba adui ni vumbi. Novemba hadi Aprili ni udongo mweusi wa mbuga, unaoshika kama gundi na kujaza matao ya magurudumu hadi tairi inasimama.

Chujio la hewa la kiwandani liko mahali pazuri, tatizo ni mdomo wake unaovuta vumbi la gari la mbele. Uhamishe mdomo huo ukae nyuma ya taa, juu, ukiangalia nyuma. Kaza kila kibano cha bomba la hewa, kisha paka grisi kidogo ndani ya bomba baada ya chujio. Ukirudi, futa kwa kitambaa cheupe. Ukikuta vumbi kwenye grisi, hewa inaingia bila kuchujwa, na ringi za pistoni zinalika. Chujio la karatasi ligongwe taratibu kwenye tairi; upepo wa kompresa ukipulizwa karibu hutoboa karatasi, na tundu hilo halionekani kwa macho.

Rejeta inalindwa kwa wavu wa chuma wa matundu ya milimita 5, sentimita kadhaa mbele yake. Baada ya matope, osha kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ukiosha kutoka mbele unasukuma udongo ndani zaidi.

Injini hizi zina distribyuta, na maji yakiipata gari linazima katikati ya mto. Kausha kofia yake, paka grisi ya silikoni kwenye kingo, na uifunike kwa kipande cha mpira kisichogusa feni. Pumuo la gia boksi lipewe kibomba kirefu hadi juu ya ukuta wa injini. Gia boksi ya moto ikizama kwenye maji baridi inavuta kwa nguvu, na bila kibomba hicho inavuta maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo ushahidi.

Umeme na mafuta

Swichi kuu inapaswa kukata kila kitu: betri, altaneta, taa, kuwasha. Wengi hufunga swichi ya miguu miwili kwenye waya wa betri, wakaona taa zimezima wakaridhika. Injini inaendelea kuunguruma kwa umeme wa altaneta. Tumia swichi ya miguu sita yenye rezista yake, na uijaribu hivi: injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, kata. Isipozima mara moja, rudia kazi. Iwe inafikiwa na dereva akiwa amefunga mkanda, na ivutwe pia kutoka nje, karibu na kioo cha mbele, penye alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, kitako chake sentimita 12 au zaidi.

Bomba la mafuta lipite ndani ya gari kama kipande kimoja kisicho na kiungo, mbali na waya. Nje, jiwe moja linalikata. Pampu ya mafuta iunganishwe ili isimame injini inapozima. Gari lililopinduka huku pampu inasukuma petroli linawaka.

Kizima moto cha mkono kiwe cha unga kisichopungua kilo 2, au povu la AFFF la lita 2.4, kimefungwa kwa mikanda ya chuma ya kufunguka haraka, tarehe ya ukaguzi isiyozidi miaka miwili. Kamba za plastiki haziruhusiwi.

Viti na mikanda

Viti vya sport vya duka la mapambo havifai hata kama vinafanana na vya rali. Tafuta lebo ya FIA na tarehe. Viti vya kiwango cha 8855-1999 hudumu miaka mitano tangu kutengenezwa, na mikanda ina tarehe yake ya mwisho kwenye lebo. Mtumba kutoka nje mara nyingi umepitwa tayari, ndiyo maana ni rahisi.

Kila kiti kishikwe na bolti nne za M8 au zaidi, zikiwa na vibao vya milimita 3 upande wa pili wa bati. Mikanda ya mabega irudi nyuma na kushuka kidogo, nyuzi 10 ndiyo bora, isizidi 45 kutoka ulalo. Ikishuka zaidi, gari likigonga mbele mkanda unakandamiza uti wa mgongo badala ya kuzuia mabega. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Weka visu viwili vya kukatia mikanda, kila mmoja wenu afikie kimoja.

Jaribio la kwanza

Usijaribu kwenye barabara ya umma. Tafuta njia ya shamba yenye kilomita tatu au nne, zungumza na mwenyekiti wa kijiji na wafugaji siku mbili kabla, na uweke mtu mwenye filimbi kila njia panda. Ng'ombe wakiwa wanavuka, jaribio linasimama hadi vumbi lao litulie.

Kabla ya kuondoka, kila bolti ya miguu, ya injini na ya viti iwe imechorwa mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Kwa njia hii watu wawili wanakagua gari zima kwa dakika sita bila kushika spana.

Upepo wa tairi anzia psi 30 zikiwa baridi. Baada ya mzunguko wa kasi, zikipanda psi 4 hadi 6 mko sawa. Zikipanda zaidi, tairi zilikuwa na upepo mdogo mno, zinajikunja na kuchemka.

Mzunguko wa kwanza nusu kasi, kilomita tatu, simama, tazama mistari yote. Wa pili robo tatu, simama, gusa beringi za magurudumu, angalia buti za sivii, chungulia weldi za keji kwa tochi. Nyufa za kwanza hutokea pale shokapu za nyuma zinaposhika bodi, na huonekana kama mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka. Wa tatu ndio kasi kamili. Andika kwenye daftari kila kilicholegea na kilomita kilipolegea. Kinacholegea mara mbili hakihitaji kukazwa zaidi. Kinahitaji nati ya kujifunga, au bolti nene zaidi, au bamba chini yake.

Mkifikisha kilomita 60 bila mstari kukatika, toeni oili ya injini na ya gia boksi, muipitishe kwenye kitambaa mkitafuta chembe za chuma, badilisheni zote mbili, ndipo mpange safari ya mashindano, Iringa au Morogoro, kupitia Itigi na Manyoni. Gari lipande juu ya lori, lisiendeshwe. Kwenye sanduku la vipuri viwemo mkono wa chini mmoja kila upande, saidi shafti mbili, boljointi na tairodi, hosi za rejeta, mikanda ya feni, pampu ya mafuta, kofia ya distribyuta, kebo ya klachi au silinda yake kulingana na gari lako, waya wa mita 10, na lile daftari.